Inchi Tatu Nilizozificha Daftarini

Nimeshona nguo hapa Ifakara miaka ishirini na miwili, na hadi Jumamosi ile hakuna aliyewahi kuchanikiwa na nguo yangu hadharani. Sasa walioshuhudia aibu hiyo ni ukumbi mzima, na kwa kuwa kila mmoja anaisimulia anavyotaka (wapo wanaosema niliangukia ndani ya keki, si kweli, niliangukia kando yake), nimeona bora niisimulie mwenyewe.

Kwanza mjue ninavyofanya kazi. Sikusomea ushonaji darasani. Nilijifunza kwa kufumua nguo kuukuu na kuzishona upya, na kwa kitabu kimoja cha michoro nilichokisoma mpaka kurasa zikaachana, nikajiwekea kanuni moja tu: sikati kitambaa kwa kukadiria wala kwa kukumbuka, nakata kwa daftari. Kila mteja ana ukurasa wake.

Prisca ni binti wa kaka yangu Bonifasi, mkulima wa mpunga Kiberege, na anakaa kwangu tangu aanze chuo. Mwaka jana alianza kunyanyua vyuma kwenye ua wa fundi mmoja wa matrekta, ambako vijana wamefunga gia chakavu kwenye bomba wakapaita jimu. Kaka aliposikia alikuja na basi la asubuhi, na hakukubali hata kukaa.

"Mtoto wa kike akiota mabega kama kuli, nani atamwoa? Nikisikia tena ameshika chuma nakuja kumchukua, na chuo ndiyo basi."

Nikamwahidi kwamba ameacha. Hakuwa ameacha, na mimi ndiye niliyekuwa nikimchemshia mayai kila alfajiri, kwa sababu nilikwenda siku moja kumwangalia akinyanyua na sijawahi kumwona mtoto yule ametulia vile. Sasa alikuwa amechaguliwa timu ya mkoa, safari Jumatatu, na Jumamosi ya kabla yake ndiyo dada yake Yustina alikuwa anaagwa ukumbini kabla ya harusi. Tulikubaliana baba yake asijue lolote mpaka Prisca arudi kwenye mashindano.

Wanawake wa ukoo tulivaa sare ya kitenge, na fundi ni mimi. Nilimpima Prisca wa kwanza. Upana wa mgongo, inchi kumi na saba. Mwaka jana ulikuwa kumi na nne. Mkono wa juu nao ulikuwa umeongezeka inchi tatu vilevile. Tatizo ni kwamba wifi Agatha, mama yake, kila akija kibandani lazima afunue daftari langu aone nani kanenepa. Basi nikafanya uamuzi mdogo, nikauona wa busara: niliandika vipimo vya mwaka jana, nikijiambia vya kweli nitavikumbuka wakati wa kukata. Mimi huyohuyo nisiyekata kwa kukumbuka.

Nguo zilikuwa tisa na siku zilikuwa nne. Ilipofika zamu ya Prisca nilifungua ukurasa wake, nikasoma, nikakata. Sikukumbuka kitu. Kanuni niliifuata vizuri kabisa.

Hakupata nafasi ya kuijaribu kwa sababu mwalimu wa timu aliwaweka kambini, akarudi Jumamosi saa tisa alasiri na sherehe ni saa kumi. Nguo ilipita kichwani ikakwama mabegani. Tukavuta.

"Shangazi, sipumui."

"Pumua kidogokidogo."

Nikafumua kwapani nikapata nusu inchi, haikusaidia kitu. Shimizi haikuingia, ikabidi abaki na fulana nyembamba ya timu aliyorudi nayo, juu yake nguo, juu ya nguo mtandio, na juu ya vyote amri yangu: "Usinyanyue mikono. Hata akuite nani."

"Na nikila?"

"Inama."

Ukumbini mambo yalianza vizuri, tena vizuri mno, maana mshereheshaji alinisimamisha. "Huyu hapa ndiye fundi wa sare hizi, mpigieni makofi!" Nikasimama, na nikiri, nilizunguka mara moja ili waone na nyuma. Ukafika wakati wa zawadi. Wanawake wa ukoo tuliingia tukicheza na mizigo yetu, Prisca nimempa beseni la vyombo alishike kifuani (nilikuwa nimelipanga hilo), tukaweka vitu chini salama, nikaanza kupumua. Ndipo mshereheshaji akapaza sauti: "Ukoo wa bibi harusi, mikono juuu!"

Mikono yote ikapanda isipokuwa miwili. Akamfuata.

"Mdogo wa bibi harusi vipi? Amejikunja kama ana baridi, na Ifakara hii tunavyoyeyuka!" Watu wakacheka. Akamsogezea maiki. "Au humpendi dada?"

Prisca akanitazama. Nikatikisa kichwa. Lakini Yustina naye akaita kutoka kitini kwake, "Prisca jamani, kwa ajili yangu!" na mtoto akanyanyua mikono, mtandio ukaanguka.

Mshono ukiachia hulia kidogokidogo, kitambaa hulia mara moja. Nataka ieleweke kwamba mishono yangu haikuachia. Kilichanika kitambaa, kutoka kwapa hadi kwapa kupitia mgongoni, na kwa vile maiki ilikuwa palepale, mlio ulitoka kwenye spika zote. Nikakimbia na khanga kumfunika, mguu ukanasa kwenye waya, muziki ukakatika, nikadaka kitambaa cha meza ya keki, na ghorofa ya juu ya keki ikashuka pamoja nami.

Kisha mshereheshaji, taratibu: "Na fundi wetu ndiye huyo tena."

Wakacheka mpaka wakagonga meza. Mimi niko sakafuni na krimu kwenye kiwiko, sioni watu, naona mgongo tu wa Prisca, mpana, na fulana yenye jina la mkoa kwa herufi kubwa, na kaka Bonifasi anainuka kitini. Kicheko kikaisha chenyewe. Nilijua anakuja kumchukua. Nilishaanza kumfungashia nguo zake kichwani mwangu.

Akafika nyuma yake, akasoma fulana. Akavua koti lake, nililomshonea mimi, akamvalisha. Na hapo, hata katika hali ile, jicho la fundi halikutulia: mshono wa bega ulikaa juu ya mfupa, haukuzidi wala kupungua, kama unavyomkaa kaka mwenyewe. Kaka naye aliliona. Akalivuta bega la koti huku na huku, kama mteja anayetafuta kasoro apunguziwe bei, asiipate.

"Linakubana?"

"Hapana, baba."

"Mashindano lini?"

"Tunaondoka Jumatatu."

Akanigeukia mimi kule chini. "Koti hili ulinipimaje?"

"Kwa futi, kaka."

"Na huyu?"

Nikafuta krimu kwenye kiwiko.

"Siku nyingine mpime kama ulivyonipima mimi." Kisha akamwambia Prisca kwa sauti ya chini, "Na hilo koti nalitaka likiwa zima."

Akarudi kitini na shati lake. Nilimsikia wifi akimnong'oneza, "Kwa hiyo ataenda?" naye akajibu, "Wewe umenisikia nimemkataza?"

Sikuinuka mara moja. Miguu ilikuwa mizima, ila nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, na nilitaka kwanza vimalizike. Jumatatu kaka mwenyewe alimpeleka stendi. Bado anasema mabega hayo sasa yanatosha, asiongeze, na Prisca anamwitikia, "Sawa, baba," na anaongeza.

Mimi nimebaki na wateja wote isipokuwa wawili, na sharti jipya ninalomtajia kila anayeingia kibandani: mwenye mwili anaowaficha ndugu zake akashone kwa fundi mwingine. Huku kwangu nitauandika ulivyo, na akiulizwa, atajibu mwenyewe.