Mpika Sabuni na Mheshimiwa

Tarcisio Ongom alikuwa mpika sabuni. Kwa miaka kumi na sita alisimama juu ya ngazi ya mbao, kando ya sufuria la chuma lenye kina cha watu wawili, katika kiwanda kimoja kidogo cha Nakawa, akikoroga mafuta ya mbegu za pamba na magadi makali ya kiwandani kwa mwiko mrefu kama kasia. Mikono yake ilikuwa imepauka hadi viwikoni, na mvuke ulikuwa umemwachia nyusi chache za kuhesabika. Ungekutana naye njiani akirudi kwake Naguru ungemdhania mgonjwa. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa mtu anayejua kitu kimoja hadi mwisho wake.

Sabuni haina haraka. Hupikwa, hutiwa chumvi, huachwa itulie, hupikwa tena. Siku tano, mara nyingine sita. Kabla ya kuimwaga kwenye kalibu ya mbao ili igande, Ongom alikuwa akichota kidogo kwa ncha ya mwiko, akiiacha ipoe, akiigusisha ncha ya ulimi na kutema. Ikichoma, magadi bado hayajakamatwa na mafuta. Nguo itatoboka na ngozi itababuka. Isipochoma, imeiva. Alifundishwa hivyo na mwenye kiwanda wa zamani, Mhindi bahili aliyewapunja wafanyakazi hata chai, lakini aliyepanda ngazi ile mwenyewe kila asubuhi. Mwaka 1972 Mhindi huyo alipewa siku tisini za kuihama Uganda kama wenzake wote, akaondoka na sanduku moja. Kiwanda akapewa Mheshimiwa Erinayo.

Erinayo alikuwa mtoto wa Mengo, msafi, mwenye sauti tamu. Shuleni aliongoza midahalo. Kutoka shuleni aliingia umoja wa vijana wa chama. Kutoka umoja wa vijana, baraza la mji. Kutoka barazani, bungeni. Katika safari hiyo yote hakuna mahali aliposimama akafanya kazi. Hakuuza hata nyanya katika soko la Nakasero. Hakufundisha, hakuchomelea bati, hakumshonea mtu kifungo. Wanajeshi walipolifunga bunge, baadhi ya wenzake walikimbia na wengine walipotea. Yeye alivunja tawi la mti, akajiunga na waliokuwa wakishangilia vifaru barabarani. Hakuona usaliti wowote hapo. Alikuwa amehama jukwaa tu.

"Kuongoza ni kazi kama kazi nyingine," alipenda kusema. Labda. Lakini mwokaji aliyewahi kuunguza mikate mia huwa na adabu fulani mbele ya moto, na adabu hiyo Erinayo hakupata pa kujifunzia.

Siku ya kwanza alipanda juu ya gunia la chumvi, akawahutubia wafanyakazi kumi na wanane kana kwamba ni elfu kumi na nane. Nabintu, mama wa Kikongo kutoka Bukavu aliyekuwa akikata miche ya sabuni kwa waya, akamwinamia Ongom.

"Papa Ongom, huyu anakuja kuomba kura kwetu?"

"Nyamaza, mama. Mwache amalize kabla gunia halijapasuka."

Mwaka 1974 sabuni iliadimika Kampala hadi watu wakawa wanafulia majani ya mpapai. Erinayo akaahidi mbele ya wakubwa kwamba sabuni ya kambi ya jeshi itakuwa tayari Ijumaa. Ilikuwa Jumanne, na sufuria lilikuwa limewashwa asubuhi ileile. Hakumuuliza mtu. Jumatano alasiri akaja, akasimama mbali na mvuke, leso puani.

"Ongom, mwaga leo. Kesho ikauke, keshokutwa ikatwe."

"Mheshimiwa, jana tu ndiyo tumewasha. Haijatiwa hata chumvi ya pili."

"Basi ongeza moto."

"Moto hauna kosa. Zinazotakiwa ni siku."

"Unanipinga? Wewe Mwacholi?" Erinayo alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua taratibu. "Sikiliza vizuri. Sabuni ikikosekana Ijumaa, au ikiharibika, jina litakaloandikwa hapa ni lako. Nitaandika mhujumu uchumi. Wao watajua la kufanya."

Ongom naye alijua. Miaka ile jina likishaandikwa, gari dogo lilikuja mchana kweupe, buti la nyuma likafunguliwa, mtu akatiwa humo, na majirani wakaingia ndani kufunga madirisha. Wajomba zake wawili, askari wa Kiacholi wote wawili, walikwenda hivyo. Akashika mwiko, akaimwaga sabuni mbichi kwenye kalibu, na jioni ile alitembea hadi Naguru akijua kwamba alikuwa amejimwaga mwenyewe.

Ijumaa lori likaja. Afande aliyeshuka alikuwa mnene, mtaratibu, msimamizi wa stoo ya kambi. Miche ilikuwa imepangwa mezani, myeupe na mizuri kwa macho. Ongom alisimama nyuma ya kalibu, akisubiri jina lake. Afande akachukua mche mmoja, akaunusa, akausugua kwa kidole gumba.

"Nani napika hii?"

Karatasi ilikuwa mfukoni mwa Erinayo, tayari. Lakini kulikuwa na watu waliosimama, kulikuwa na meza, kulikuwa na mgeni mwenye cheo. Mtu huyu alikuwa amezindua visima asivyochimba na madarasa asiyojenga. Mdomo ukaenda wenyewe. Hila aliyoilea kwa siku mbili akaisahau kwa ile raha ya kutazamwa.

"Ni mimi, afande! Nimeipika kwa mikono yangu hii."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Mzuri. Basi onja."

Erinayo hakuwahi hata mara moja kupanda ngazi ya sufuria. Kuonja alikujua kwa namna moja tu, ile ya mikutano, pale mgeni wa heshima anapoletewa kipande cha muhogo naye akakitafuna kwa tabasamu ili kina mama wapige vigelegele. Akamega pembe ya mche, akatia kinywani, akatafuna. Akatikisa hata kichwa, kuonyesha kwamba ni tamu.

Tabasamu ndilo lililotangulia kufa. Kisha macho yakamtoka, povu likashuka kwenye tai, na sauti ile iliyolishwa na vyama na serikali kwa miaka yote ikatoa mlio kama wa bata. Nabintu alimletea ndoo ya maji. Hakukimbia.

"Kabla ya stoo, mimi dobi ya kambi miaka nane," afande akasema. "Fundi nagusa na ulimi kidogo, natema. Huyu nakula kama mandazi! Nani napika sabuni hapa?"

Ongom angeweza kunyamaza. Lakini miche ile ingepanda lori, na migongo ya askari ingebabuka, na kambi nzima ingerudi kuuliza. Akatoka nyuma ya kalibu.

"Ni mimi, afande. Hii haijaiva. Nikiirudisha motoni, Jumanne itakuwa sawa."

"Na nani nasema imwagwe?"

Ongom alimtazama bwana yule aliyeinamia ndoo. "Mheshimiwa amekwisha kujibu, afande. Amesema ni yeye mwenyewe."

Afande alicheka hadi mkanda ukapanda. Halafu akaacha kucheka ghafla. "Jumanne. Naachia wewe. Ikichoma, nakuja na gari dogo."

Ongom hakurudi nyumbani siku zote nne. Aliikata miche, akaiyeyusha, akaongeza mafuta, akatia chumvi, akaacha itulie, akaanza tena. Jumanne afande aligusisha ulimi, akatema, akawaashiria askari wapakie. Hakusema asante. Kule Naguru, mkewe Acayo alikuwa amefunga mizigo ya kukimbilia kwao Gulu tangu Jumatano ile. Alipomwona mumewe akiingia uani kwa miguu yake, alianza kuifungua bila kuuliza.

Erinayo msimwonee huruma. Kinywa kilipopona alipelekwa kwenye bodi moja kubwa zaidi, yenye gari na dereva, maana watu wa aina yake hawaanguki, huhamishwa. Mahali pake akaletwa mwingine, naye mtu wa majukwaa tangu ujana. Siku ya kwanza alilizunguka sufuria, akauliza wafanyakazi huwa wanasimama wapi wakihutubiwa. Ongom akampa koleo la kutilia chumvi. Bwana yule alilitazama, akacheka sana akidhani ni mzaha, akampigapiga Ongom begani, kisha akaendelea kutafuta pa kusimama.