Parachichi Nililoona Haya Kulitaja

Ipo siku moja ya kliniki ambayo nikiikumbuka, mwanangu, hata nikiwa peke yangu shambani, najifunika uso kwa khanga. Leo nimekuona ukimpa mtoto wako juisi ya rangi, na maparachichi yamejaa hapa uani mpaka nguruwe wameyachoka. Kaa nikuambie, ingawa kusema kwenyewe kunaniuma.

Nilikuwa mke mgeni hapa Murukulazo, na binti yangu wa kwanza, Devota, alikuwa na miezi minane. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, basi nilijiona msomi kweli. Nikienda shamba, mama mkwe ndiye aliyebaki na mtoto. Msimu wa maparachichi ulipofika, alikuwa akiliponda tunda pamoja na ndizi mbivu, siku nyingine na maharage yaliyolainika, akamlisha taratibu. Ziwa langu nalo mtoto hakuliacha. Devota akanawiri, mashavu yakajaa. Lakini mimi niliona fedheha, maana parachichi lililoanguka tulizoea kumtupia nguruwe.

Siku hiyo nesi alimtundika Devota kwenye mizani, akasoma kadi, akatabasamu. Akawageukia akina mama waliokaa kwenye mabenchi.

"Mama Devota, hebu waambie wenzako unamlisha nini."

Mdomo ukanitangulia. "Biskuti na juisi," nikasema, "zile za madukani Kabanga."

Juisi yenyewe Devota aliionja mara moja tu, siku ya ubatizo wake! Nesi alikunja uso, akasema hivyo si vyakula vya mtoto mchanga, lakini wenzangu walikuwa wanayatazama mashavu ya Devota, si uso wa nesi. Kati yao alikuwepo jirani yangu Mama Limi. Familia yao ilitoka Shinyanga na ng'ombe wachache, walikuwa hawajamaliza hata mwaka kwetu, na mtoto wao Limi alikuwa mwembamba. Tukiwa njiani kurudi akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, hiyo juisi ni ya rangi gani?" Nikamwambia nyekundu. Ningeweza kusema kweli pale, tulikuwa wawili tu. Sikusema.

Mwezi uliofuata Limi alipotundikwa, miguu yake ilining'inia kama vijiti. Nesi akaandika barua ya rufaa, mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

"Nimefanya kama alivyosema Mama Devota," Mama Limi akamweleza. "Hata maziwa ya ng'ombe aliyokuwa akinywa nikawa nayauza, ninunue juisi."

Hakuwa na hasira. Alinitaja kwa heshima, kama mtu anavyomtaja mwalimu wake. Na mimi, mwanangu, niliinama nikajifanya nafunga khanga, nikaondoka.

Nyumbani nilimkuta mama mkwe akipukuchua maharage. Nilimweleza yote huku nalia. Hakufoka. Aliendelea na maharage yake, kisha akasema, "Umekionea haya chakula kilichomnenepesha mwanao. Kesho utakwenda hospitali, ukaseme kwa mdomo wako huohuo."

Nikaenda na kikapu cha maparachichi. Mama Limi alinisikiliza mpaka mwisho, akamtazama mtoto, akakitazama kikapu.

"Kumbe lilikuwa uani kwako," akasema. "Ungenipa tu."

Hayo tu. Afadhali angenipiga.

Madaktari walimtibu Limi kwanza, kisha waliporuhusu akaanza kuonjeshwa parachichi kidogo kidogo. Alipona, namshukuru Mungu. Leo ni mama wa watoto. Akinikuta njiani hupiga goti, "Shikamoo mama," nami naitikia marahaba huku natazama chini. Hajui. Mama yake hakumwambia kamwe, na wema huo ndio unaonichoma zaidi.

Basi nisikilize. Parachichi lina mafuta mazuri yanayompa mtoto nguvu, na tumbo lake dogo hushiba kwa kidogo tu. Tena parachichi linalainisha choo, na lina vitamini zinazomfaa hata mjamzito. Juisi ya rangi inamshibisha mtoto sukari akakosa hamu ya chakula. Ila usidhani tunda peke yake linatosha: changanya na maharage, dagaa, ndizi, na usimwachishe ziwa kabla ya miaka miwili. Mwenye maziwa ya ng'ombe ayachemshe, mtoto aliyefikisha mwaka anywe kabla ya kuuza. Na mwenzako akikuuliza mwanao anakula nini, mwambie kweli, hata kama ni kile nguruwe anachokula. Huenda anauliza kwa sababu wa kwake anadhoofika.

Mungu akujalie watoto wazito wa kubeba, mwanangu, na akukinge na aibu hii yangu. Sasa lete kikapu tuokote. Mpelekee na jirani yako.