Funga Mwenyewe

Sitara Uledi ana karakana Kariakoo, upande wa Msimbazi, ghorofani juu ya duka la vitambaa. Kazi yake ni kuhudumia vyombo vya kupimia bahari kwa sauti. Chombo kinazamishwa, kinatoa mlio, kisha kinasikiliza mlio ule unavyorudi. Kwa kurudi kwake watu wanajua kina cha maji na mkondo unavyokwenda. Vikitoka baharini vinamfikia vimeota magamba kama mawe ya pwani. Anaviosha kwa maji ya bomba, anavikwangua taratibu kwa kijiti, maana chuma kingechubua uso, anabadilisha betri, anakagua nyaya, ndipo anafunga. Na kwenye kufunga ndiko kwenye kazi yenyewe. Mfuniko unakalia oringi, kimpira chembamba cha duara. Oringi ikilaliwa na punje ya mchanga, au unywele tu, bahari imeshapata njia.

Hilo alilijua tangu alipokuwa msichana, ameajiriwa na kampuni moja ya upimaji chini ya bwana mmoja aliyeitwa Elimringi. Siku moja Elimringi, akiwahi boti, alifunga chombo mwenyewe bila hata kuifuta oringi. Kilipoopolewa kilikuwa kimejaa maji, vipimo vya msimu mzima vimefia ndani. Mbele ya wakubwa wake Elimringi hakupepesa jicho.

"Alifunga Sitara," alisema.

Sitara alifukuzwa siku ile ile. Kufukuzwa angekusamehe. Lakini baba yake, Mzee Uledi, alizikuta habari hizo kwenye baraza la kahawa pale Ilala, akarudi nyumbani ameinama, akamwuliza kwa sauti ndogo, "Mama, kweli ulizembea?"

"Sikuzembea, baba. Si mimi niliyefunga."

Mzee akatikisa kichwa, kama mtu anayemwonea huruma mwanawe kwa uongo aliousema. Hakumaliza mwaka. Akaenda kaburini na neno lile, na tangu hapo kila Sitara alipoinua mikono kuomba, alimwombea baba rehema na kumwapiza Elimringi kwa pumzi moja.

Sasa mwaka huu, asubuhi moja, akapanda ngazi dada mmoja mchangamfu, Celina, amekumbatia chombo kilichofungwa kwenye taulo.

"Mambo, dada? Nimeelekezwa kwako. Kinahitaji huduma ya kawaida tu. Bosi wangu, Elimringi, ana kampuni yake siku hizi, anakizamisha mbele ya wateja wapya."

Sitara alihisi damu ikimpanda masikioni. "Kiache," alisema. "Kesho kitakuwa tayari."

Akakihudumia kama anavyovihudumia vyote. Akakiosha, akakikwangua, akakijaribu ndani ya pipa la maji mpaka kikaitika vizuri. Akaweka oringi mpya, akaipaka grisi. Halafu akaingiza vidole chini ya ushungi, akang'oa unywele mmoja, akaulaza juu ya oringi, akafunga. Usiku huo alilala usingizi mtamu ambao alikuwa ameusahau.

Kesho yake Celina alirudi. Kabla ya kukibeba akasimama.

"Dada, umekifunga vizuri, eeh? Usinione mkorofi. Bosi kasema kikiingia maji, atawaambia wateja kwamba nimekifunga mimi."

Sitara akakinyakua chombo mezani, akafungua skrubu, akaufuta ule unywele kwa kitambaa bila kusema ulikuwa nini.

"Mwambie aje mwenyewe," alisema. "Bila yeye hakitoki."

Elimringi alifika mchana, anahema kwa ngazi, simu sikioni. Celina alikuwa nyuma yake. Onesphory, fundi pampu wa chumba cha jirani, naye akachungulia mlangoni kusikia kuna nini.

"Fundi, vipi tena? Boti inanisubiri."

"Unanijua?" Sitara aliuliza.

Elimringi alimtazama, akatabasamu tabasamu la kibiashara. "Tumeshakutana?"

Kusahauliwa kulimchoma kuliko kusingiziwa. "Mimi ni Sitara. Chombo kile ulifunga wewe, ukasema nimefunga mimi. Baba yangu amekufa akiamini hivyo."

"Aa, dada, hayo ya zamani! Mungu amrehemu mzee. Sasa nipe kitu changu."

"Kiko tayari, kizima. Ila chako mimi sikifungi. Funga mwenyewe, hawa wakiona."

Elimringi akasonya, akabana simu begani, akaiokota oringi. Ikamponyoka, ikaangukia mezani, pale panapotua vumbi la nyuzi linalopanda kutoka duka la chini. Akaiokota tena, akaipachika bila kuifuta, akakaza skrubu huku akimwambia mtu wa kwenye simu kwamba anakuja.

Uzi mmoja mweupe ulikuwa umenata kwenye oringi. Sitara aliuona. Alifumba mdomo wake, akamsikiliza akishuka ngazi.

Chombo kilizama na hakikuleta kitu ila maji. Wateja walipofoka, Elimringi akaanza kutaja fundi wa Kariakoo. Celina, aliyekuwa palepale botini, akamkata: "Bosi, ulifunga mwenyewe. Mimi na fundi Onesphory tuliona." Wateja wakaondoka na kazi yao. Celina naye hakurudi tena kwa Elimringi. Alikuja kuomba kufanya kazi na Sitara, akapewa meza karibu na dirisha.

Siku moja, wakikwangua magamba, Celina aliuliza bila kuinua macho, "Dada, ule uzi uliokutwa kwenye oringi, uliuona siku ile?"

"Niliuona."

"Ungemwambia, angefuta."

"Angefuta," Sitara alisema. "Nami ningelala na kinyongo kile kile."

Tangu siku hiyo, Celina akikabidhiwa chombo kilichofungwa na Sitara, hukifungua kwanza, akaikagua oringi mwenyewe, ndipo hukifunga upya. Sitara humwona, wala hamkatazi.