Maziwa Yaliyomkataa Mwanangu

Mwanangu alizaliwa msimu wa kuvuna alizeti, nikiwa kwa wakwe zangu, kijiji cha jirani na Nduguti. Mume wangu alikuwa anafundisha Misigiri, anakuja mwisho wa wiki. Aliyenilea uzazi ni mama mkwe, na sijaona mzazi aliyetunzwa kama mimi. Asubuhi maziwa ya moto kikombe kikubwa, mchana uji wa mtama uliotiwa maziwa, jioni mtindi.

"Kunywa, mwanangu," alikuwa akisema. "Maziwa ndiyo yanaleta maziwa."

Nikanywa. Mtoto akanyonya, akatapika. Hakucheua kidogo kama wengine. Yalimtoka mpaka puani, kisha anajikunja nyuma kama upinde na kulia. Nikimlaza, analia. Nikimweka wima begani, anasinzia kidogo. Basi nikawa nalala nimekaa, mgongo ukutani, yeye kifuani. Kufika wiki ya sita sikujua tena leo ni siku gani. Mchana mmoja nilisinzia huku napepeta mtama, ungo ukaniponyoka. Niliposhtuka kuku walikuwa wanakula. Nikawatazama tu, sikuwa na nguvu ya kuwafukuza.

Majirani walisema ni mchango, yale maumivu ya tumbo ya watoto wachanga. Mmoja akasema maziwa yangu ni mepesi. Mama mkwe aliposikia hilo, akaniongezea kikombe.

Halafu nikaona damu kwenye choo cha mtoto. Nikapanda bodaboda hadi kituo cha afya. Tabibu, mama wa makamo, alimpima uzito, akamfunua tumbo, akatazama upele uliomtoka mashavuni.

"Wewe mwenyewe unakula nini?" akaniuliza.

Nilikasirika. Mgonjwa ni mtoto, chakula changu kinahusu nini? Lakini nikamtajia. Nilipofika kwenye mtindi akaweka kalamu chini.

"Maziwa ya ng'ombe unayokunywa yanamfikia kupitia titi. Inawezekana mwili wake unayakataa. Acha yote, mtindi na samli pia, tuone. Kunyonyesha usiache hata siku moja. Umrudishe wiki ijayo."

Njia nzima nilifikiria nitaanzaje kusema. Mwisho nilisema vilevile nilivyoambiwa, macho chini. Mama mkwe akasema, "Baba yake nimemkuza kwa maziwa hayohayo." Akachukua kikombe changu, akaingia ndani.

Tukala ugali na mlenda, maharage, mara nyingine kuku. Kituoni waliona uzito umeongezeka kidogo, wakaniambia niendelee. Kutapika kukapungua, na siku moja akalala mkekani, peke yake, kwa muda wa karibu saa mbili. Badala ya kulala na mimi, nilikaa nikiangalia kama anapumua.

Siku chache baadaye yote yakarudi, na damu pia. Niliingia jikoni nikalia. Nilikuwa nimechoka hata kulia kwenyewe kulinichosha. Mama mkwe akasimama mlangoni.

"Ni mimi," akasema.

Sikumwelewa.

"Nimetia maziwa kwenye mlenda, jana na juzi. Nilikuona unakonda. Nikasema, kidogo tu, mtoto hatajua." Akaja akachuchumaa karibu nami. "Nisamehe, mwanangu."

Sikuwahi kusikia mtu mzima wa rika lake akimwomba mkwe msamaha. Nilitaka kukasirika, lakini hasira nayo inataka nguvu. Nikamkabidhi mtoto. Akamfunga wima mgongoni kwa kanga, akaniambia, "Nenda kalale. Akitaka titi nitakuamsha." Nililala asubuhi ile mpaka jua lilipopinduka, nikaamka nguo imelowa maziwa, na yeye bado anazunguka uani akimwimbia kwa Kinyiramba.

Tangu hapo alitenga sufuria ya mboga zangu, asiiguse mtu. Jirani akija na kibuyu cha mtindi kumpongeza mzazi, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kumzuia: "Mjukuu wangu hapatani na maziwa." Alisema kwa ukali, kana kwamba walikuwa wamebishana.

Mtoto alitulia taratibu, ilichukua miezi. Alipopita mwaka, kituoni wakatuelekeza tumjaribishe maziwa kidogokidogo, na sasa ana miaka mitatu na anadai chai ya maziwa kila asubuhi. Mimi ndiye sijapona sawasawa. Akikohoa tu usiku, nimeshaamka, nimekaa kitandani.

Watu wananiuliza wa pili namleta lini. Nawaambia waniache kwanza nilale.