Mfuniko wa Mtungi

Harufu ya majani ya mkaratusi yaliyolowa mvua ikinifikia popote nilipo, mkono wangu wa kulia unataka kurusha kitu. Nilikuwa na miaka kumi, tunakaa Nyegezi, miaka ile mitumba ilipoanza kumiminika Mwanza na mama yangu akapata meza yake sokoni. Siku moja alifungua belo, katikati ya makoti akakuta sahani ya plastiki ya bluu, nyepesi, ukingo umekunjwa kwa ndani, haina kina hata cha kuwekea mchuzi. Akaigeuza, akaigeuza tena. "Wazungu nao! Hii sahani ya kulia nini?" Akaiweka juu ya mtungi wa maji ya kunywa, ikaenea kama imepimwa. Basi ikawa mfuniko.

Aliyegundua kwamba inapaa ni binamu yangu Kabula, tuliyekuwa tukilala naye kitanda kimoja. Nyuma ya kanisa la kigango chetu kulikuwa na msitu wa mikaratusi uliopanda kilima katikati ya mawe makubwa, na ukifika juu unaliona ziwa lote. Humo ndimo ilimokuwa Njia ya Msalaba: vituo kumi na vinne, kila kituo msalaba mdogo wa mbao uliopigiliwa kwenye mti. Hiyo ikawa njia yetu ya mchezo. Unasimama kituo cha kwanza, unarusha. Kisahani kinapoangukia ndipo unaporushia tena, mpaka uguse shina la mti wa kituo cha pili, na kuendelea. Anayemaliza kwa kurusha mara chache ndiye mshindi. Miti ilisongamana, kisahani kikigonga shina kinakurudia miguuni kama mbwa. Inabidi ukiinamishe kidogo mkononi, kizunguke chenyewe. Na kwa kuwa Kabula aliogopa dhambi kuliko nyoka, aliweka sheria: ukigusa mti unapiga goti, unasali, ndipo unaendelea. Ukiharakisha anakurudisha. "Hapo umesali au umepiga chafya?"

Jumamosi moja, wiki moja kabla ya Komunyo yangu ya kwanza, nilikuwa naongoza. Nikarusha kwa majivuno kuelekea kituo cha kumi na mbili. Kisahani kikapanda, kikaupiga msalaba wenyewe, ukaanguka kwenye majani.

"Tuseme upepo," Kabula akanong'ona.

"Upepo gani, na ziwa limetulia hivi?"

"Basi tumbili."

Katekista wetu alikuwa na daftari la majina ya watoto wa Komunyo, na tulishamwona akifuta jina la mtoto kwa kutafuna bigijii kanisani. Nyumbani gauni langu jeupe lilikuwa limeshapigwa pasi, linaning'inia ukutani, linanitazama.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikufika hata asubuhi. Kesho yake baada ya Misa nilimfuata katekista, msalaba nimeufunga kwenye kanga, kisahani kwapani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona sura hiyo, nani kafa?"

Nikamweleza yote, hata tumbili. Akakishika kisahani, akakipima mkononi.

"Kwa hiyo mnapita vituo vyote?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na mnasali?"

"Kabula hakubali turuke."

"Kila siku?"

"Isipokuwa siku za kufua."

Halafu akasema, kama anajisemea, kwamba yeye huwapigia wakubwa kengele Kwaresima nzima na hawafiki kituo cha tano. Daftari hakuligusa. Aliingia ndani, akatoka na nyundo na misumari miwili. "Umeuangusha, utausimamisha." Nikapanda juu ya jiwe nikaupigilia mwenyewe, yeye yuko chini ananielekeza, na bado ukainama kushoto. Mama alipopata habari aliuliza jambo moja tu: "Na mtungi wangu mchana kutwa ulikuwa wazi?" Jumapili iliyofuata nilivaa gauni langu.

Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Siku hizi Nyegezi wajenzi wamejaa, miti ndiyo haipo. Siwalaumu, watu wanahitaji pa kulala. Vituo sasa ni vya zege, vimenyooka vizuri, na kisahani bado kinafunika maji nyumbani kwangu, kimepauka. Ijumaa za Kwaresima napita njia ile na wanangu. Tukifika kituo cha kumi na mbili kila mtu anatazama mbele, mimi kichwa kinainama kushoto. Mwaka jana kitindamimba wangu akanivuta kitenge.

"Mama, shingo inauma?"

"Hapana, mwanangu," nikamwambia. "Piga goti tusali."