Siku Niliyosalimia kwa Kichwa

Hii kitu nimeificha wiki tatu, lakini kwa vile Naserian ameshaanza kuisimulia kwa watu (na anaongeza chumvi, namjua), afadhali muisikie kwangu mwenye aibu yake.

Mnajua mimi ni fundi wa televisheni hapa Kitengela. Sasa Naserian, msichana wangu, alikuwa amenisifu kwa babake huko Mashuuru mpaka akapitiliza, ati mikono yangu haishindwi na kitu, ati nimeunda ndege ndogo ya betri, iko na kamera, inaweza kupaa ikatafute ng'ombe waliopotea. Mzee akasema basi, aje Jumamosi na hiyo ndege, nione hiyo mikono, halafu ndio tuongee maneno ya kuoa.

Vifaa nilikuwa navyo vyote: kisu, rula, chuma ya kuchomelea waya, mashine ya gundi ya moto. Ndege yenyewe nilikuwa nimeikata kutoka kwa ile foam nyeupe inayokuja ndani ya boksi la televisheni. Jumamosi asubuhi nikiibeba nikaigonga kwa mlango, bawa likapasuka. Kazi ya dakika mbili kwa gundi ya moto, lakini stima ilikuwa imepotea, na bila umeme mashine ya gundi haipati moto. Jirani akaniambia, "Ngoja, itarudi." Nikaona, aah, ningoje nini na supaglu, ile gundi ya kushika papo hapo, iko kwa droo?

(Supaglu inakula foam. Fundi mzima, miaka kumi kwa kazi, sikujua!) Bawa likaanza kuyeyuka, nikalidaka kwa kiganja cha kulia lisianguke, na hapo hapo tukawa kitu kimoja. Nikavuta, nikaloweka, nikaomba Mungu, wapi! Mwishowe nikalikata kwa mkono wa kushoto nikabaki na kipande kama sleisi ya mkate kimenata kiganjani, nikatia mkono kwa mfuko wa koti, nikaacha ndege kwa meza, nikaenda Mashuuru na koti kwa jua lile.

Naserian alikuwa ametangulia. Nilimpata kwa lango pamoja na babake na wazee wawili majirani. Wiki nzima alikuwa amenifundisha salamu ya Kimaasai: mzee akisema "Supa", unajibu "Ipa", unatoa mkono. Rahisi. Mzee akanyoosha mkono, akasema, "Supa!"

Nami, kwa vile tangu asubuhi kichwani nilikuwa na neno moja tu, supaglu, nikajibu, "Ndiyo mzee, ni hiyo hiyo, lakini ilikuwa bahati mbaya."

Mkono wake bado uko hewani, wangu hautoki mfukoni, nikashikwa na woga nikafanya kile nilichokuwa nimeona watoto wa Wamaasai wakifanya wakisalimia wazee: nikainamisha kichwa aniguse. Mwanaume wa miaka thelathini na mbili, na ndevu! Mzee kwa adabu yake akanigusa utosi, kisha akamuuliza Naserian kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie, "Huyu amekuja kuoa ama kubarikiwa?"

Wale wazee walicheka mpaka mmoja akashikilia ua. Naserian alikuwa anaangalia chini, na hapo roho ikaniuma kabisa, nikajua nampoteza hivi hivi nikiona. Nikasema liwe liwalo, nikautoa mkono nje na kipande changu cha foam, nikaeleza kila kitu kuanzia stima.

Mzee hakucheka. Akamwambia mama Naserian apashe mafuta ya ng'ombe, akanikalisha, akaweka mkono wangu kwa goti lake akaanza kusugua na kubandua polepole, vile angetoa mwiba kwa mguu wa ndama. Ilichukua karibu saa nzima. Akaniuliza mota inazunguka aje, betri inakaa muda gani, kamera itamjuaje ng'ombe wake na wa jirani, na nikijibu nikajikuta nimesahau aibu. Foam ikatoka, na ngozi kidogo. Mkono hakuuachilia.

"Sasa tumesalimiana," akasema. "Rudi mwezi ujao na ndege. Na stima ikipotea, ungoje."

Supaglu nimetupa, na haitaingia kwa nyumba yangu tena. Bawa jipya nimelimaliza jana kwa gundi ya moto, baada ya kungoja stima masaa matano bila kushika kitu. Na kila asubuhi Naserian akinipigia simu, kabla hata ya kuniuliza nimelala aje, anasema, "Supa!" nami najibu mbio, "Ipa!" na mkono wa kulia nimeunyoosha, hata kama hakuna anayeuona.