Aliyebaki Langoni

Chizuru aliwapikia watoto wa shule kwa miaka thelathini na mmoja huko Toyama. Siku aliyostaafu akanunua kamera ndogo na kutangaza kwamba anakwenda kuurekodi utamaduni wa Wajapani, utadhani ulikuwa umepotea! Alizunguka nchi siku arobaini. Ngoma za sherehe zilimpita na mabingwa wa kuandaa chai ya heshima walimpita, maana alikuwa mzito wa kubonyeza, na kamera ilikuwa ikiwaka yeye keshaaga. Kwa hiyo filamu nzima ikawa ya watu wanaosindikiza: mwenye nyumba ya wageni kainama kando ya barabara, muuza tambi kasimama mvuani, kila mmoja akingoja mpaka mgeni apotee machoni. Ndivyo watu wa huko wanavyoagana.

Sasa alikuwa amekwama kwenye picha ya mwisho. Humo alikuwamo kaka yake, Katsunori, kwenye lango la nyumba yao ya kijijini Akita, akizidi kuwa mdogo nyuma ya kioo cha basi. Walikuwa hawajasemezana miaka sita, tangu Chizuru alipoyasusia mazishi ya mama yao kwa hasira za ugomvi wa kijinga. Katika ziara ile Katsunori alimpa chai, akamwuliza habari za theluji, basi. Halafu akatoka kumsindikiza.

"Huyu kakusamehe," alisema Murakoshi, jirani aliyekuja kumsaidia kuunga picha. "Mtazame!"

"Na muuza tambi je, naye kanisamehe? Mbona kasimama vilevile?"

"Shoga, ungekuwa mbuzi, ungeyauliza majani yana maana gani kabla ya kuyala."

Chizuru hakucheka. Alirudisha picha nyuma mara ishirini. Zamani alijua desturi ni ipi na upendo ni upi. Sasa, kwa kutazama sana, vyote vilikuwa vimemvurugikia. Sikukuu ya Obon, wafu wanaporudi majumbani, ilikuwa imebakiza wiki mbili, naye hakujua kama ana haki ya kwenda kwa kaka yake kupiga magoti mbele ya picha ya marehemu mama. Kutojua huko kulimuuma.

Asubuhi akapiga simu.

"Kaka, siku ile basi lilipokata kona pale darajani, ulifanya nini?"

"Swali gani hilo?"

"La filamu."

"Nilibaki palepale."

"Mpaka saa ngapi? Basi si lilishapotea?"

"Nitajuaje? Nilishtuliwa na harufu. Sufuria ya supu imeungua, nyeusi tii. Sufuria ya mama, Chizuru!"

Chizuru akaomba radhi kwa ajili ya sufuria, kisha kwa ajili ya mazishi, huku analia, asijue kaka yake anasikia lipi.

"Ukija Obon," Katsunori alimkatiza, "lete sufuria. Na hiyo kamera iache hukohuko."